Paa Ni Letu, Fundi Ni wa Nani?

Ujumbe wa Jumapili
Masomo: Yeremia 22:13–17, 2 Wafalme 12:4–15, Filemoni 18–19

 

Jumapili iliyopita niliwaahidi tutaendelea na somo la kufunga na kuomba. Nimeliweka kando kwanza. Kuna neno limenisumbua tangu Jumanne ya soko, na nikihubiri lingine kabla ya hili nitakuwa mnafiki mbele yenu. Leo tunaongea juu ya mafundi. Fundi wa mabati, fundi wa bomba, fundi wa rangi, yule aliyekuchimbia choo, yule aliyekuzibia tangi. Watu wanaotengeneza nyumba zetu, halafu baadaye wanatupigia simu, tunaangalia namba, tunaiacha ilie mpaka inyamaze.

Mmecheka. Hicho kicheko najua kinatoka wapi.

Fungueni Yeremia 22, kuanzia mstari wa 13. Nabii anamkemea mfalme aliyejijengea jumba la fahari, madirisha makubwa, mbao za mwerezi, rangi nyekundu, na waliolijenga wakarudi kwao mikono mitupu. Mfalme huyo ni Yehoyakimu, mwana wa Yosia. Sasa mnamkumbuka Yosia? Katika 2 Wafalme 22 ndiye aliyetuma fedha zitolewe kwa maseremala na waashi ili nyumba ya Mungu itengenezwe palipobomoka. Baba alitengeneza nyumba ya Mungu na akawalipa mafundi. Mwana alijenga nyumba yake na hakuwalipa. Na Yeremia anamwambia huyo kijana wazi: baba yako alikula, akanywa, akatenda haki, na mambo yake yakawa mema. Kumjua Mungu kwa Yosia hakukuwa kuimba peke yake. Kulifika mpaka kwa mtu wa msumeno.

Basi nianze na nyumba yetu. Kaka yangu na dada yangu wamenipa ruhusa niseme haya. Dada kwa shingo upande, lakini amenipa.

Marehemu baba alituacha watoto watatu na nyumba ya mabati kule Illasit. Vyumba vinne. Viwili vya mbele ni maduka, vimepangishwa shilingi 6,000 kila kimoja. Kaka mkubwa anakaa karibu, yeye ndiye anakusanya kodi. Dada ameolewa Kitengela. Mimi niko hapa nanyi. Kila mwezi kodi ikiingia, kaka anagawa mara tatu, simu inalia, M-Pesa ya 4,000. Miaka mingi imekuwa hivyo, na hatujawahi kugombana. Pesa ikiwa inakuja, hakuna wa kuuliza nani mwenye nyumba. Sisi sote ni wenye nyumba.

Mwaka jana wakati wa masika upepo ukashuka kutoka mlimani usiku, ule upepo wetu mnaoujua, ukang'oa mabati upande mmoja wote. Wapangaji wakahamisha unga na sukari kwenye mvua. Asubuhi kaka akamwita fundi. Wakapatana ufundi shilingi 48,000, vifaa vinunuliwe na kaka. Akampa 20,000 ya kuanza. Fundi akafanya siku sita na kijana wake wa mkono, akatoa mbao zilizooza, akaweka mpya, akaezeka. Zikabaki 28,000. Kazi ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu nimelala chini ya hilo paa usiku wa mvua na sikusikia hata tone.

Kaka akatupigia: leteni sehemu zenu, tummalizie huyu mtu. Mimi nikamjibu, "Kwani uliniuliza? Si ni wewe ulimwita?" Dada naye akasema 48,000 ni pesa nyingi, Kitengela kuna mafundi wangefanya kwa nusu. (Wangekuja Illasit kwa nauli ya nani, hakusema.) Kaka akakasirika, akasema basi, kama ni hivyo na mimi sitoi. Na sisi watatu, watoto wa baba mmoja, tukalala.

Miezi tisa. Fundi alinipigia mara nne au tano. Kila mara nilimwambia kwa upole, kwa sauti ya mchungaji: ndugu yangu, mtafute aliyekuita. Na wapendwa, nilikuwa nalisema hilo neno nikiwa na amani kabisa moyoni. Katika hiyo miezi tisa kodi haikukoma. Zile 4,000 zilikuja, na kila mwezi nikatoa zaka yangu 400 kwenye bahasha. Pigeni hesabu. Nilimtolea Mungu shilingi 3,600 kutoka chini ya paa ambalo aliyeliezeka hajalipwa.

Jumanne iliyopita tukakutana sokoni, kwa wamama wa vitunguu. Akanisalimia vizuri. Hakunidai. Akasema tu, "Mchungaji, mimi nikiwa kule juu sikuona mahali pameandikwa hapa ni pa kaka, hapa ni pa mchungaji. Nilipiga misumari kote." Akalipia vitunguu vyake akaenda.

Nilirudi nyumbani sikuweza kula.

Siku iliyofuata nikaenda kwa mshirika mwenzetu ambaye ni wakili. Niseme ukweli, nilienda nikitumaini ataniambia niko sawa. Akaniambia, "Mchungaji, uko sawa nusu." Nataka niwaeleze alichonieleza, maana najua hapa ndani kuna watu wengi wenye nyumba ya pamoja, ya ndugu, ya mume na mke, hata ya marafiki walionunua ploti wakichanga.

Kwanza, deni la fundi halitoki kwenye hati ya shamba. Linatoka kwenye mapatano. Jina lako likiwa kwenye hati, hilo peke yake halikufanyi mdaiwa wa fundi ambaye hukupatana naye. Aliyemwita na kukubali bei ndiye fundi anaweza kumshika. Hiyo ndiyo nusu yangu.

Lakini korti haitaishia hapo. Itauliza: huyu aliyemwita fundi, alikuwa anaongea kwa niaba ya nani? Wewe ulijua? Ulipita hapo ukaona ngazi imeegemea ukuta ukanyamaza? Ulituma pesa ya misumari? Ulimwambia ndugu yako "endelea tu, wewe ndiye uko karibu"? Ukisema hayo, umemfanya mdomo wako, na maneno ya mdomo wako yatakurudia. Na kama mlimwita pamoja, ninyi wawili au watatu, fundi anaweza kumdai mmoja wenu deni lote, halafu ninyi mtajuana baadaye. Wakili akaniuliza, "Kaka yako ndiye amekuwa akisimamia nyumba miaka yote, anakusanya kodi, anawagawia, na ninyi mnapokea. Hakimu akiuliza nani alimpa huo usimamizi, utajibu nini?" Sikuwa na jibu.

Pili, mume na mke. Hapa nisikilizeni sana, hasa wanaume mnaofanya kazi Nairobi na Kitengela mkiacha familia huku. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 10, inasema deni lililoingiwa wakati wa ndoa kwa faida ya ndoa linabebwa na wote wawili sawasawa, na gharama ya haki iliyotumika kwa faida ya ndoa vivyo hivyo. Mama akiita fundi kwa sababu jikoni kunavuja na watoto wanalowa, halafu wewe urudi mwisho wa mwezi useme "mimi sikujua", ujue hiyo "sikujua" haina miguu. Hata usiposhtakiwa wewe, mzigo kati yenu ni nusu kwa nusu. Na mama, hiyo si ruhusa ya kuita fundi aweke vigae na dari ya kuchorwa baba akiwa safarini. Sheria inasema gharama ya haki. Mnaelewana?

Tatu, nyumba ya marehemu. Kama mzee alimwita fundi akafa kabla ya kumlipa, hilo ni deni la mirathi. Sheria yetu ya urithi inataka madeni ya marehemu yalipwe kabla watoto hawajagawana chochote. Hamwezi kugawana mabati na kumwachia fundi kaburi. Lakini kama ni ninyi mliomwita baada ya mazishi, msimsingizie mzee. Hilo ni lenu.

Huku Kajiado mali ya pamoja si kitu kigeni. Wazee wetu waliishi na ranchi za vikundi chini ya sheria ya mwaka 1968, majina mengi juu ya ardhi moja. Lakini angalau kule kulikuwa na wawakilishi waliochaguliwa na kuandikishwa, na kikundi kiliweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Fundi wa pampu alijua mlango wa kubisha. Nyumba ya ndugu watatu haina mwakilishi aliyeandikishwa. Fundi anabisha kwa huyu, anatumwa kwa yule, anatumwa Kitengela. Tumemgeuza mtu kuwa barua.

Na anaweza kwenda kortini, msidhani hawezi. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa iishe kwa siku 60. Ana miaka 6 ya kudai deni la mapatano. Wengine wetu tunaombea hiyo miaka 6 iishe. Tunakesha, tunafunga, na moja ya maombi yetu ya siri ni fundi asahau.

Hapo kuna jambo linaniudhi na lazima niliseme. Kuna wapendwa wakidaiwa na fundi ambaye pia ni mpendwa wanamfungulia 1 Wakorintho 6, wanamwambia Biblia inakataza kuwapeleka ndugu kortini. Soma mpaka mstari wa 8, rafiki! Paulo anawageukia wale wale akisema ninyi ndio mnaodhulumu, na mnadhulumu ndugu. Huo mstari si wa mdaiwa kujifichia. Ukitaka fundi asikupeleke kortini, njia unayo mfukoni.

Sasa wakili alipomaliza nikamuuliza, je, nikikaa kimya? Akasema, "Kwa sheria, unaweza kukaa kimya na labda usishindwe. Lakini hilo si swali la wakili." Akanyamaza. Yeye hata si mhubiri.

Wapendwa, korti ikiingia kwenye hiyo nyumba inauliza nani alimwita fundi. Mungu akiingia anauliza nani amelala hapa usiku wa mvua. Hiyo ndiyo tofauti, na mimi miezi tisa nilijificha kwenye swali la korti nisijibu la Mungu. Musa katika Walawi 19:13 na Kumbukumbu la Torati 24:15 anataka ujira wa kibarua usilale kwako hata usiku mmoja. Yakobo 5:4 anasema ule ujira uliozuiwa una sauti, unalia, na unasikika mbinguni. Hakuna kati yao anayesema unalia kwa yule aliyeita tu. Unalia kutoka shambani kwako, kutoka pale kazi ilipofanyika. Ule wangu ulikuwa unalia kutoka juu ya dari, na mimi chini nimelala.

Waswahili walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi niliona paa halivuji nikasahau liliezekwa.

Lakini nisimwache kaka yangu, maana naye ana sehemu yake, na ndugu wengi wakubwa mko kama yeye. Alifanya mapatano ya 48,000 kwa mali ya watu watatu bila kupiga simu mbili. Ni kweli mvua ilikuwa inanyesha. Turubai ingekaa siku moja tukaongea. Twendeni kwa Yoashi, 2 Wafalme 12. Mfalme aliwaachia makuhani wapokee fedha na watengeneze nyumba ya Bwana, na mpaka mwaka wa 23 wa kutawala kwake palipobomoka bado palikuwa pamebomoka. Fedha zinaingia, ukuta unaanguka. Mmewahi kuona kitu kama hicho? Akabadilisha utaratibu. Sanduku moja, tundu juu ya kifuniko, limewekwa mahali watu wote wanapita. Likijaa, wanakuja wawili kuhesabu, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, si mmoja. Halafu fedha zinapimwa na kupewa wasimamizi wa kazi, nao wanawalipa maseremala, wajenzi, waashi, wachonga mawe, na kununua mbao. Na hao wasimamizi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu.

Angalieni mpangilio. Fedha zilikusanywa kwanza, fundi akaja baadaye. Sisi tunaita fundi kwanza, tunamtumia kama mkopo. Fundi wa Loitokitok amekuwa benki yetu isiyotoza riba.

Kwa hiyo familia yetu tumekubaliana, na sikusema hili ni sheria kwa kila mtu, ni letu: kuanzia mwezi huu shilingi 1,500 za kodi hazigawiwi, zinabaki kuwa za nyumba. Fundi hataitwa mpaka wawili kati ya watatu wakubali bei, na mapatano yataandikwa hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: kazi gani, ufundi kiasi gani, vifaa ni vya nani, malipo lini, na majina ya wenye nyumba wote. Akianguka mmoja wetu, fundi asianze kuuliza yuko wapi mjane. Mnakumbuka yule mjane wa 2 Wafalme 4, mdai amekuja kuchukua wanawe wawili? Mume alikuwa mcha Mungu kabisa. Hakuacha karatasi.

Na ninyi mafundi mlioko hapa, msitabasamu sana. Wewe pia uliza. Kabla hujapanda ngazi uliza, nyumba hii ni ya nani, mko wangapi, wengine wanajua? Na kazi ikiwa mbaya, usiseme Yakobo 5 ni yako. Kuna fundi ameweka mabati ya geji nyembamba akalipwa ya nzito. Huyo asinung'unike akikatwa. Mwenye nyumba naye, kama kazi ina kasoro, sema siku ile ile, muonyeshe, mpatane kinachokatwa. Usingoje mwezi wa tatu fundi akija kudai ndipo ukumbuke mlango haufungi vizuri.

Nirudi kwa 28,000. Alhamisi nilimtumia fundi sehemu yangu, 9,400. Kaka ametoa 5,000 na anauza mbuzi wiki hii. Dada bado. Anasema hakuulizwa, na ni kweli hakuulizwa. Sikumlazimisha. Nimemwambia tu arudi aangalie M-Pesa yake tangu masika ahesabu zile 4,000.

Lakini sikutaka fundi angoje mpaka dada akubali. Hapo Paulo akanifundisha kitu. Filemoni 18 na 19, juu ya deni la Onesimo. Paulo hakuwa amekosa chochote, hakupatana na mtu, lakini anasema liandike deni hilo kwangu, na anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Wakili alicheka nilipomwonyesha. Akaniambia hata sheria yetu ya mikataba, ukiahidi kulipa deni la mwingine, huwezi kushtakiwa kwa hiyo ahadi isipokuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Basi nikaandika. Nimempa fundi karatasi, kwa mkono wangu, kwamba kitakachobaki mwisho wa mwezi ni changu. Najua, najua, Mithali 6 inaonya juu ya kumdhamini mtu. Nimeisoma. Ile inaongea juu ya kujifunga kwa deni la mwingine. Hili ni deni ambalo nimelala chini yake miezi tisa.

Fundi alichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati. Akaniuliza kama kule kanisani kwenye kona ya watoto bado panavuja. Nikamwambia panavuja. Akasema atakuja kuangalia, lakini tuandikiane kwanza. Mzee wa hazina amekubali, na sanduku la matengenezo limewekwa pale mlangoni, limetobolewa juu. Litahesabiwa na wawili.

Na wale bahasha zao za zaka nilizipokea leo, kama unajua hiyo pesa ina fundi ndani yake, baada ya ibada njoo uichukue kwangu. Sitakuuliza kitu. Mathayo 5:23–24 inajua njia ya kutoka madhabahuni kwenda kwa ndugu yako, na Jumapili ijayo madhabahu bado itakuwa hapa. Walio na mambo ya nyumba za ndugu, mgogoro wa fundi, au mapatano ya kuandika, wakili wetu atakuwa chumba cha nyuma Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi, bure. Njoo na mwenzako mnayemiliki naye. Ukija peke yako atakurudisha.

Tusimame tuombe.